Manyoya ya Redempta

Redempta aliwaweka vifaranga wake wa kwanza jikoni, kwenye boksi la sabuni lenye maranda, na pembeni akawawashia jiko la mkaa. Aliwanunua kwa ulezi aliolima peke yake. Ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa baridi wa mtaa wao wa Kizwite ukipita chini ya mlango, na umeme ulikuwa umekatika. Mumewe, Tadei, alitaka maji ya kuoga. Akalibeba jiko akaenda nalo uani, akalisahau huko. Redempta aliporudi kutoka kisimani, vifaranga kadhaa walikuwa wameshakauka kwa baridi.

Waliobaki akawatia kifuani, ndani ya sweta. Wiki hiyohiyo akaota manyoya. Yalianza kwapani, yakashuka mikononi, yakajaa kifuani, ya rangi ya majivu, mazito, yenye joto. Jirani yake Klementina alimshauri avae blauzi ya mikono mipana. Zahanati walimwambia manyoya hayana dawa, wakampa vidonge vya mgongo, kwa sababu alikuwa anachutama sana. Tadei alilalamika kwamba kitandani yanamwingia puani.

Vifaranga wakakua. Redempta aliwachanja mdondo, akawakatia mchicha, akawafukuzia mwewe. Mvua zilipoanza, matetea walikuwa wameanza kutaga.

Siku moja alirudi kutoka mashineni kusaga, akamkuta Tadei anafunga tenga kwenye bodaboda. Kuku wote walikuwa ndani.

"Baba Victor, kuku wangu unawapeleka wapi?"

"Kasesya, mpakani. Kuna mteja." Tadei aliendelea kukaza kamba. "Na usiseme wangu mbele za watu. Mwenye nyumba hapa ni nani?"

Redempta alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Mayunga, akamwamkia shikamoo, akamweleza yote. Mzee alisikiliza vizuri. Akauliza kama mume anampiga. Redempta akasema hapana. Basi mzee akasema hakuna kesi hapo, kuku wa mke ni wa nyumba, na nyumba ni ya mume. Akayasifu manyoya, kwamba yamekolea. Alipokuwa anamsindikiza akauliza kama kuna mayai yaliyobaki.

Tadei alirudi Jumapili na koti jipya la ngozi na boksi kwapani. Redempta alikuwa amechutama uani, anasugua sufuria. Tadei akaliinamisha boksi mbele yake, vifaranga wakamwagika kwenye udongo wa baridi, wakilia.

"Hawa nao ulee," akasema.

Redempta hakunyoosha mkono. Hasira ilimpanda toka tumboni mpaka shingoni. Manyoya yote yakasimama, mikono ikatanuka yenyewe, akawa mpana kuliko mlango wa jikoni. Hakuwahi kumchukia mtu kiasi kile.

Vifaranga waliona mbawa zimefunguka. Wakakimbia wakaingia chini yake, wakajipanga, wakanyamaza.

"Unaona," Tadei akasema, akijifuta vumbi kwenye koti. "Kazi yenyewe unaipenda."

Akaingia ndani kuuliza chakula kiko wapi.