Ncha Mbili za Waya

Jumamosi asubuhi ncha ya kamba ya nailoni ilichomoza kwenye tundu la ukuta wa banda la kakao, na Atupele akaacha sufuria akaenda kuishika. Ndani ya banda mkwewe, Mzee Andongwisye, alikuwa anaunda ndege ya mianzi na turubai yenye injini ya pikipiki, na sasa alikuwa anatafuta waya wa kuvutia mkia.

Miaka kumi na moja Atupele ameolewa Talatala, hajauona uso wa mkwewe wala kusema naye neno. Kwa mila, mkamwana hamtazami mkwe wala hakai naye chumba kimoja. Walikuwa wamebaki wawili tu pale nyumbani. Mumewe, Lameck, alifariki Aprili, mto ulipokata barabara ya kwenda Kyela, na mzee ndiye aliyekaa kitandani mpaka mwisho. Kwa hiyo Atupele alibaki nje. Tangu hapo alitaka kujua jambo moja tu: Lameck alisema nini.

Jirani yao Kisa aliwapangia utaratibu: mzee apitishe waya tunduni, Atupele aujaribu. Atupele akivuta mara moja, haufai; mara mbili, unafaa.

"Akidondoka tutamwokota na ungo," Kisa alisema.

"Hadondoki. Waya nachagua mimi."

Mawazo ya mzee yalipita kwenye waya mpaka mkononi mwa Atupele. Lakini kamba ya nailoni ilikuwa inarefuka, hivyo aliyoyawaza mzee siku ile yalimfikia Atupele Jumatatu. Yalihusu chumvi kwenye maharage. Akavuta mara moja. Waya wa breki za baiskeli ulikuwa na viungo vitatu, na kila kiungo kilikula maneno. Yalifika matatu tu: Lameck, mlango, mimi. Akavuta mara moja.

Alhamisi Yasini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alileta waya wa chuma wa kusokotwa, usioshika kutu. Atupele alipoushika, yote yalifika papo hapo.

Aliita jina lako tangu mchana mpaka jua likazama. Nilikiona kivuli chako mlangoni. Ilitosha mimi nitoke kidogo, uingie. Sikutoka.

Angeweza kuvuta mara moja, mzee aendelee kutafuta, nao waendelee kushikana hivyo mpaka mavuno. Lakini waya ulikuwa mzuri. Akavuta mara mbili.

Ndaga, asante, mwanangu, ilifika, kisha ncha ikateleza ikaingia ukutani.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, ndege ilipaa kutoka kwenye majaruba makavu ya mpunga ikakata kona kuelekea ziwani.

"Mkweo anageuza kama mwewe," Kisa alisema. "Tazama basi."

Atupele alikuwa ameshajifunika kanga usoni, inavyotakiwa. Ndege ilirudi ikapita juu ya migomba, chini kabisa, mara mbili. Alisubiri mlio uishe ndipo akajifunua, akaingia jikoni kuweka maharage motoni.