Hodi, Mwenye Jiko

Jumanne saa mbili na robo asubuhi, fundi wa maabara ya simu alipokea mfuko wa rangi ya fedha, ile mifuko ya kuzuia mtandao, na ndani yake simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Aliandika namba yake daftarini, akaipuliza vumbi la saruji, akaketi. Wenzake walimwita Bisibisi, kwa kuwa alikuwa na moja ndogo aliyoichomeka kwenye nywele kila siku ya kazi, na akiisahau nyumbani alirudi mbio kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Simu ilikuwa ya mlinzi wa ghala. Ukuta wa ghala ulikuwa umemwangukia miezi minne nyuma, akafa. Meneja alisema ukuta ulikuwa mzima kabisa, ila mlinzi aliacha magunia yakauelemea. Faili likaandikwa maneno matatu: uzembe wa mlinzi. Sasa mama wa mlinzi alikuwa amesumbua ofisi hata wakachoka naye, ndipo simu ikaletwa na barua. Barua iliomba vilivyofutwa vya siku mbili tu, siku ya ajali na siku ya kabla yake.

Watu hudhani kitu kikifutwa kimekwenda. Simu haina haraka hivyo. Inachofanya ni kubandua jina mlangoni. Mwenyewe bado amekaa chumbani kimya, mpaka siku atakapoletwa mpangaji mpya amkalie. Kazi ya Bisibisi ilikuwa kupita mlango kwa mlango akipiga hodi.

Asubuhi hiyo feni iligoma, na katika kuhangaika nayo alisahau kujaza tarehe. Kuna visanduku viwili kwenye kompyuta, kuanzia lini na hadi lini. Ukiviacha vitupu kompyuta haikuulizi, inaleta vyote. Vikaja vya miaka sita.

Picha zilitangulia. Zilikuwa kumi na moja, zote za ufa mmoja, moja kwa kila wiki, na kadiri zilivyotoka ufa ule ulijichora kwenye ukuta wa maabara nyuma ya kabati. Kwenye picha ya kwanza ulikuwa unywele. Kwenye ya kumi na moja ulimeza kalamu. Bisibisi akasogeza kabati ili lisije likaanguka. Kisha ukatoka ujumbe wa meneja, wa wiki moja kabla ya ajali: "Hizo picha zifute. Akiziona mtu, kazi huna." Huo akauchapisha kwenye karatasi.

Saa kumi na nusu akatoka mlinzi mwenyewe. Alikaa kwenye stuli ya dirishani, na sare yake na buti zake, kingo zikitetemeka kidogo kama picha mtandao ukiwa dhaifu. Mhudumu wa ofisi alimletea daftari la wageni, maana utaratibu ni utaratibu. Mlinzi akasaini. Penye sababu ya kuja akaandika: kutega.

Bisibisi alimpigia simu mama wa mlinzi, na kesho yake akafika na mwavuli na mkoba mweusi.

"Shikamoo, mama," alisema Bisibisi.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu?"

"Ndiye. Lakini hasemi zaidi ya alivyorekodi."

Mama alimtazama kuanzia kofia hadi miguu. "Buti hazijaona rangi. Nilimwambia."

Mlinzi akafungua kinywa. "Kitendawili!"

"Tega," alisema mama, akavuta kiti.

"Ana meno mengi, hajawahi kung'ata mtu, na matembezi yake ni kichwani."

"Chanuo. Hicho cha miaka sita nyuma, baba. Hata wakati ule kilikuwa chepesi."

Kila siku saa kumi na nusu, kabla ya kuingia zamu, kitindamimba huyu alikuwa akimtumia mama yake kitendawili kwa sauti, kisha kumbukumbu ya simu ikijaa anavifuta. Walianza mchezo akiwa na miaka mitano. Wengine wakishindwa hutoa mji. Wao miji hawakuwa nayo, wakawa wanapeana vyumba: ukishindwa unatoa chumba, ukipata unarudishiwa. Alipofika miaka tisa nyumba nzima ilikuwa ya mtoto, na mama akitaka kupika ilimbidi asimame mlangoni na sufuria mkononi aseme, "Hodi, mwenye jiko," na yule bwana mdogo, mdomo umejaa makombo, ajibu, "Karibu, lakini usichelewe kutoka."

Vitendawili vya zamani, vile ishirini na kimoja ambavyo havijakaliwa na mpangaji mpya, havikuhesabiwa kwenye mchezo. Mama alivijibu kwa raha tu, wiki tatu mfululizo, na ofisi nzima ikazoea. Waliokuwa wanatoka mapema waliacha kutoka mapema. Mhudumu alishindwa cha kivuli akasingizia kwamba alikuwa anamimina chai.

Lakini mama alikuwa anangoja cha mwisho. Siku moja kabla ya ajali ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake, na alipokausha mikono aufungue, akakuta maneno matatu: Ujumbe huu umefutwa. Miezi minne alikuwa analala na maneno hayo. Labda alimkosea mwanawe. Labda alikuwa anaomba kitu.

Siku ya ishirini na mbili ukafika.

"Kitendawili! Nina mtoto ghalani. Hali, hanywi, lakini kila wiki anarefuka. Ukipata, mama, nakurudishia jiko."

Mama alitazama ukuta nyuma ya kabati.

"Kumbe hakunikasirikia," alisema. Kisha akashika mkoba wake. "Sijui, baba. Niache nifikirie."

"Mama, jibu unalo," Bisibisi alimnong'oneza.

"Ninalo. Nikilitoa atakuja kufanya nini tena?"

Kweli, kwa kuwa hakujibiwa, mlinzi alirudi kesho yake saa kumi na nusu na kitendawili kilekile, na keshokutwa. Mama alifikiria siku tisa.

Siku ya kumi walikuja mwenyekiti wa uchunguzi na meneja wa ghala. Mwenyekiti alisoma barua, akasoma tarehe. Picha kumi na moja zilikuwa nje ya siku mbili zilizoombwa. Ujumbe wa meneja pia. Akaviweka upande. Meneja aliutazama ufa akasema, "Jengo lenu limechoka."

"Kilichobaki ndani ya tarehe ni hiki kitendawili," alisema mwenyekiti. "Kisipojibiwa si kitu. Kikijibiwa, tutaona."

Mama alisimama. Alimfunga mwanawe kifungo cha juu cha sare, kile ambacho hakukifunga maisha yake yote.

"Ufa," alisema.

Mlinzi alicheka kama walivyozoea, akainuka, akajaza muda wa kutoka daftarini, akatoka. Stuli ilibaki na vumbi kidogo la saruji. Mhudumu alilifuta.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili, ukurasa mmoja. Ulisema kitendawili si taarifa, na kwamba mlinzi mwenye taarifa huiandika kwenye fomu. Maneno matatu ya faili yakabaki yalivyo.

Ufa nao ulibaki. Waliupiga plasta mara mbili, ukarudi. Ghala lilijengewa ukuta mpya juu ya msingi uleule, akawekwa mlinzi mwingine, na Ijumaa moja Bisibisi aliona ufa wa maabara umepita ulipofikia kwenye picha ya kumi na moja kwa upana wa kidole. Akaweka alama ya penseli na tarehe. Aliandika barua kuonya juu ya ukuta mpya wa ghala. Akajibiwa ajaze fomu ya matengenezo ya jengo.

Jioni ile alipojibu kitendawili, mama alifika nyumbani, akaning'iniza mwavuli, akaosha mchele. Jiko ndilo pekee lililokuwa halijarudi; sasa nyumba yote ilikuwa yake tena, chumba kwa chumba. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Hodi, mwenye jiko," alisema.

Alingoja muda wa kutosha mtu kumeza makombo, ndipo akaingia. Hakuchelewa kutoka.