Uwanja Aliofagia Otilia

1.

Kijana alisimama juu ya kaburi, simu kaiinua usoni, akasema, "Nimepata."

Alichopata ni mkuki. Aliyelala chini ya miguu yake, kijana hakumwona.

2. TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Ofisi ya Mji wa Litukila inawatangazia wananchi kuwa mchezo wa simu uitwao *Mikuki ya Mababu* umeanza rasmi. Mchezaji atembee mitaani, ainue simu, na kupitia kioo chake ataona mikuki ya wahenga imesimama mahali ambapo macho matupu hayaoni kitu. Mikuki imewekwa katika maeneo ya wazi pekee.

Fainali ni Jumamosi, Eneo la Wazi Namba 6, mbele ya mgeni rasmi. Eneo hilo litasawazishwa kwa greda siku ya Ijumaa.

Wote mnakaribishwa.

3.

Wote. Hata mwenyewe amekaribishwa.

Maana Eneo la Wazi Namba 6 ni uwani kwa Kosmas Mbano, mgane, elimu ya darasa la nne, mtu wa kufyatua matofali hadi mgongo ulipokataa. Nyumba yake wameiona, ina bati. Uwanja wake hawakuuona. Na ndani ya uwanja, Otilia, mkewe, chini ya udongo uliopigiliwa kwa mikono, na msalaba wa mti mwembamba kama kidole.

4. Dirishani, ofisini

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeandika mke wangu ni eneo la wazi."

"Ni mfumo ndio unasoma hivyo, mzee wangu."

"Mfumo ni mtoto wa nani?"

"Mzee…"

"Niitie baba yake."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Bwana Ndimbo, afisa utalii, hakucheka. Akafunga dirisha taratibu, kwa adabu, jinsi wanavyofunga wenye funguo.

5.

Wewe unayesoma, usidhani Kosmas alianza kuwachukia kwa sababu ya mchezo.

Siku Otilia alipozidiwa, gari la wagonjwa la mji lilikuwa limekwenda kubeba viti.

Viti.

Vya mgeni rasmi.

6.

Aliyetengeneza mchezo alikuja mwenyewe, kompyuta kwapani. Dada wa makamo, miwani, viatu vya vumbi.

"Shikamoo baba. Naitwa Agripina Kihwele."

Kosmas hakuitikia. Alimtazama juu mpaka chini.

"Kihwele. Mhehe wewe?"

"Wa kuzaliwa."

"Basi simama hapo hapo nimfungie mbwa wangu. Mkimwona mnameza mate."

"Mfungie vizuri. Nyie Wangoni mkikimbia vita huwa hamkumbuki hata watoto, mbwa mtamkumbuka?"

Ikawa basi. Amani imeingia kwa mlango wa matusi. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wakarithi utani: kutukanana bila kukasirikiana, na kuzikana. Siku ya kumzika Otilia, mtani Mhehe aliruka ndani ya kaburi akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Kosmas alicheka msibani. Ndicho kitu pekee anachokumbuka cha siku ile bila kuuma meno.

Agripina akafungua kompyuta. Picha ya mji, imepigwa toka juu kabisa. Vichaka, mahindi, mabati. Na katikati, doa jeupe kama sahani.

"Kompyuta inatafuta majani na paa. Hapa haikuona hata jani moja. Ikasema hapana mtu."

Kosmas akainama kwenye kioo.

"Ni ufagio huo," alisema.

"Nini?"

"Alikuwa anafagia kila alfajiri. Alipoondoka nikafagia mimi. Mtani, waambie hao wenye picha. Palipo na majani ndipo hapana mtu. Palipo peupe hivi ndipo pana mtu."

7.

"Naweza kuuondoa mkuki," Agripina alisema. "Greda siwezi. Ila mchezo ni wangu mpaka Jumamosi. Mchezo ni sheria tu, baba. Uwanja huu una sheria gani?"

"Hodi kwanza."

"Halafu?"

"Vua viatu."

"Halafu?"

"Aliyekuja mikono mitupu, apewe ufagio."

Agripina akaomba kitenge cha marehemu. Watani hufanya hivyo: humvaa aliyekufa, humwigiza mbele ya wafiwa. Akajifunga, akasimama mbele ya simu yake iliyokuwa ikirekodi.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ya kanisani.

"Siyo huyo. Huyo ni mke wa mwenyekiti. Otilia kwanza anakohoa. Mkono kiunoni. Hakaribishi, anauliza."

Akakohoa. Mkono kiunoni. "We nani, na mbona umesimama kama kigingi?"

Kosmas alicheka. Alicheka akashika ukuta, kisha kicheko kikakatika katikati kama uzi.

8. AGIZO

Kwa mbunifu wa mchezo. Imebainika kuwa Eneo Namba 6 limeongezewa *mwanamke* kinyume cha mkataba. Mwanamke huyo anawakaripia watumiaji. Aondolewe mara moja.

*(Ndimbo, Afisa Utalii)*

*(Jibu: Mtani haondolewi msibani kabla hajapewa kuku. A.K.)*

9. Nje ya uzio, Alhamisi

"Oya, umefika kwa bibi?"

"Nimefagia mpaka kiuno kinalia. Simu inasikiliza ufagio. Ukizuga, bibi anakohoa."

"Na mkuki?"

"Hamna mkuki. Anakwambia ahsante, sasa nenda ukafagie kwa mama yako."

"Umeenda?"

"…Nimefagia kidogo."

10.

Ijumaa.

Greda lilinguruma mpaka kwenye uzio. Vijana walikuwa uwanjani tayari, pekupeku, kila mmoja na ufagio alioutoa kwao. Viatu vimepangwa nje ya uzio kama msikitini.

Dereva wa greda, mtu wa simu kama wengine, aliinua yake kuona wanachekea nini. Akasikiliza. Akazima injini.

"Endesha," alisema Ndimbo.

"Bosi, hatujapiga hodi."

"Nani kakwambia?"

Dereva akageuza kioo cha simu kumwelekea. Mle ndani, juu ya udongo mweupe, mwanamke wa kitenge amesimama, mkono kiunoni.

Anakohoa.

Kosmas alitoka mlangoni taratibu, mgongo wake ule ule. Hakubeba panga, ingawa lilikuwepo. Alipita katikati ya vijana mpaka kwenye uzio, akamtazama mtu aliyemfungia dirisha.

"Hapa ndipo anapokaa mke wangu. Kama umekuja kumwondoa, ingia umwondoe. Lakini utaingia kama watu."

Akanyoosha mkono wenye ufagio.

Wale wenye simu walizishusha.

Ndimbo alitazama ufagio. Alitazama greda. Akatazama viatu vyake, vyeusi, vya kamba, vimeng'aa tayari kwa mgeni rasmi.

Akainama, akaanza kufungua kamba.