Mlaji na Gauni la Kijani

Jana, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Adelina Mkumbo wa Singida aliota kwamba gauni limemshika bega na kumwamsha.

"Mwalimu," lilisema gauni, "inuka tuondoke. Siku zangu zinakwisha."

Kabla hatujaongozana nao, afadhali ijulikane gauni lenyewe lilifikaje pale sebuleni.

Mama yake Adelina, Bi. Naomi, mjane wa miaka sitini na mitatu, alikuwa anaolewa Jumamosi inayofuata na Mzee Zefania, mfuga nyuki mpole anayekohoa kwanza kabla ya kusema jambo. Ndoa yake ya kwanza Bi. Naomi aliifunga kwa gauni la kuazima. Binamu yake Skolastika, mwenye gauni, alisimama nyuma ya bibi harusi kutwa nzima, na kabla wali haujapakuliwa akalidai. Bibi harusi akala harusi yake akiwa na kitenge. Bi. Naomi mwenyewe huisimulia habari hiyo akicheka, ila kila akifika kwenye wali hunyamaza kidogo.

Kwa hiyo safari hii Adelina aliamua mama yake avae gauni lake mwenyewe. Akaagiza mtandaoni gauni la samawati, mikono mirefu, pamba tupu. Juzi bodaboda akaleta mzigo. Wakafungua. Lilikuwa la kijani, tena la mtoto wa miaka minane.

Bi. Naomi akalipima kifuani. "Basi," alisema, "nitajibana."

"Mama, huwezi kujibana mpaka ukawa na miaka minane."

"Usigombane na watu, Ade. Nguo ni nguo."

Na ukweli ni kwamba Adelina hakuwa mtu wa kugombana. Akiuziwa nyanya mbovu hushukuru, kisha huenda kuzitupa mbali ili muuzaji asizione akaumia. Aliwaandikia wenye duka ujumbe wa adabu sana, wenye "samahani" nne. Wakamjibu kwa maneno mawili: "Soma masharti." Masharti yalikuwa kumi na tisa. Jana alijinyoosha kwenye kochi ayasome, na alipofika la nne, usingizi ukambeba.

Sasa wako barabarani. Gauni linatangulia, likiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, lebo inaning'inia shingoni kama kitambulisho cha kazini.

"Usinishikeshike," linasema. "Kila mkunjo watasema umenivaa."

"Nitakuvaaje? Hunienei hata mguu mmoja."

"Watasema umejaribu."

Penye kona amesimama mwanamume mnene mwenye koti la mvua na sanduku la chuma. Anamtazama Adelina kama mtu anayekagua kiti kabla ya kukikalia.

"Wewe ndiye mnunuzi?"

"Ndiye mimi, shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Gharama ya Kurudisha. Sharti la tano linasema niko juu ya mnunuzi."

Akaweka mguu kwenye goti la Adelina, mwingine kwenye mkono, akapanda mabegani na kukaa vizuri. Sanduku akalituliza juu ya kichwa cha Adelina. Akaanza kumenya karanga.

"Utakaa hapo mpaka lini, mzee wangu?" aliuliza Adelina.

"Sina hakika. Toka nianze kazi hii sijawahi kushuka."

Wakafika kwenye nyumba ndefu ya bati yenye vyumba saba vilivyofuatana kama mabehewa. Mlangoni palikuwa na bawabu, naye ni saa ya ukutani.

"Hizi ndizo Siku Saba," ilisema saa. "Sharti la sita: mzigo urudishwe ndani ya siku saba. Nyie mko ndani au nje?"

"Tunaingia."

"Basi harakisheni. Mafundi wanaziba vyumba nyuma ya kila anayepita."

Walipovuka Jumatatu, Adelina aligeuka, akaona kweli: fundi mmoja anapiga tofali mlangoni mwa Jumatatu, mwingine anamkorogea udongo, na hakuna anayeonyesha kujua kwamba kuna watu ndani. Akakaza mwendo. Jumanne walikuta watu wanapiga pasi bila nguo. Jumatano ilikuwa darasa lake mwenyewe, la nne B. Watoto wote wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

"Shikamoo, babu wa juu!"

"Marahaba," alijibu Gharama, maganda ya karanga yakimdondokea Adelina kwenye nywele. "Mmelelewa vizuri."

Alhamisi kulikuwa na mwanamke mmoja tu, mrefu, mwembamba kama kadi, amevaa lile gauni la samawati lenyewe. Alikuwa Picha. Adelina akamwendea mbio.

"Dada, hilo ndilo nililoagiza!"

"Najua," alisema Picha bila kugeuza shingo, maana alipigwa akitazama upande. "Lakini wameandika kwamba rangi yaweza kutofautiana kidogo na ya pichani."

"Langu ni la kijani."

"Imetofautiana."

"Na ni la mtoto!"

"Kidogo," alisema Picha. "Si wamekwambia? Kidogo."

Nyuma yao tofali liligonga tofali. Adelina akalishika gauni mkono, wakaingia Ijumaa wakikimbia, Gharama akirukaruka mabegani na kulalamika kuhusu barabara.

Ijumaa ndipo palipokuwa na kaunta ya marejesho. Nyuma yake alikaa sanamu wa dukani, wale wa kuvalishwa nguo, asiye na kichwa. Sauti ilimtoka mahali fulani karibu na tai aliyovaa.

"Karibu. Shida?"

"Nimekuja kurudisha gauni hili. Si nililoagiza."

"Lazima lirudi katika hali yake ya awali."

"Lipo hivyo hivyo. Hata mfuko haujatoka."

"Hiyo ni hali ya jana," alisema sanamu. "Nimesema ya awali."

Gauni likaanza kutetemeka. Kijani kikafifia, mishono ikalegea, likajikusanya juu ya kaunta na kuguna kwa aibu. Adelina alitegemea kuona pamba. Badala yake juu ya kaunta zilisimama chupa ishirini na mbili za maji ya kunywa, tupu, pamoja na vifuniko.

Adelina akainua chupa moja, akaichungulia.

"Mmeandika pamba tupu," alisema Adelina polepole.

"Tupu, ndiyo," alisema sanamu. "Si unaona hazina maji?"

"Samahani, mwalimu," zilisema chupa kwa pamoja. "Hatukupenda iwe hivi. Sisi tuliambiwa tunyamaze tu na kung'aa."

"Naomba kuonana na mkubwa wako," Adelina alimwambia sanamu, na yeye mwenyewe akashangaa kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake.

"Mkubwa ni kichwa. Leo kichwa hakipo."

Chupa, kwa kuona huruma, zikajirudi zenyewe zikawa gauni. Sanamu akafungua daftari.

"Tuendelee. Unadai kama nani?"

Hapo Adelina alikumbuka kipindi cha redio, ambamo mnunuzi huitwa mlaji. "Kama mlaji," alisema. "Kuna haki za mlaji."

"Ala! Wewe ni mlaji?"

"Ndiyo."

Sanamu akatoa sahani chini ya kaunta, akalikunja gauni vizuri, akaliweka sahanini. Akaongeza chumvi, kipande cha ndimu na uma.

"Kula."

"Nile gauni?"

"Mlaji hula. Ukila, tutajua ni mlaji kweli na tutakusikiliza."

"Nikilila nitarudisha nini?"

"Hapo ndipo wengi hukwama," alikiri sanamu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ubinadamu kidogo.

Gauni lilimtazama Adelina kutoka sahanini. Gharama akakohoa kule juu na kuomba ndimu, kama haitumiki.

Adelina akageuka asitokwe machozi mbele ya watu. Ndipo alipoliona benchi la kusubiria, na mtu aliyekaa pale. Alikuwa mama yake. Ana miaka kumi na tisa, amevaa gauni jeupe la kuazima, ameshika sahani ya wali mapajani lakini hajaanza kula. Nyuma yake amesimama binamu Skolastika, vidole viko tayari kwenye zipu.

"Mama," alisema Adelina.

"Usigombane na watu, Ade," alisema yule msichana, akitabasamu. "Si unaona? Nimejibana tu. Sijambo."

Zipu ikateremka jino moja. Ilisikika chumba kizima.

Adelina alisimama akiwa na Gharama mabegani na udongo wa mafundi ukimrukia visiginoni. Alikuwa na hasira. Ilikuwa hasira ya siku nyingi, iliyokunjwa vizuri na kuwekwa, na sasa ilipokunjuka ilimtosha kila mahali.

"Umesema nile?" alimuuliza sanamu.

"Kula."

"Hukusema nile nini."

Juu ya kaunta palikuwa na bango la mbao, limeandikwa kwa rangi nyekundu nzito: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Adelina akapanda kwenye stuli, Gharama akipiga kelele kwamba anaogopa urefu. Akalikabili bango mdomo wazi, akang'ata. Mbao ilikuwa laini kuliko alivyodhani, na rangi ilikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Akaitafuna HA yote, herufi mbili, akaimeza.

Sanamu akainuka. "Mwalimu! Umekula bango la watu!"

"Mimi ni mlaji. Soma kilichobaki."

Sanamu akasoma kwa tumbo. "Mali ikishauzwa... irudishwi." Akasita. "Hiyo si sarufi."

"Si sarufi kweli," alisema Adelina. "Nimefundisha darasa la nne miaka kumi na minne, na sikubali kuacha sentensi katika hali hiyo."

Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaifuta I ya mwisho kwa kiganja, akaandika E.

Mali ikishauzwa irudishwe.

Watu waliokuwa kwenye foleni, ambao hadi wakati huo hawakuwepo, wakapiga makofi. Sanamu akasoma mara mbili, akapapasa mahali ambapo kidevu kingekuwa, kisha akatoa muhuri na kuligonga gauni mgongoni kwa upole. Gharama alishuka mabegani mwa Adelina, akajinyoosha viungo, akavuka kaunta na kumpanda sanamu. Kwa kuwa sanamu hakuwa na kichwa, alipata pa kukaa vizuri zaidi.

Kwenye benchi, binamu Skolastika alitoa mkono kwenye zipu, akautazama kana kwamba hajui ulifikaje pale, akauweka mfukoni. Msichana mwenye gauni jeupe akachukua tonge la kwanza la wali.

Adelina alishtuka kwenye kochi. Jua la alasiri lilikuwa limefika miguuni. Mbele yake amesimama Bi. Naomi, gauni la kijani kwenye mkono mmoja, mkasi kwenye wa pili.

"Nimefikiri," alisema Bi. Naomi, "nikipasua hapa ubavuni, nikatia kipande cha kitenge..."

"Mama, usikate!"

Bi. Naomi akaganda. Hakuwahi kusikia sauti hiyo kwa mwanawe.

"Ukikata hatutaweza kulirudisha," alisema Adelina, akimchukulia mkasi taratibu. "Nalo linarudi. Mama, nililipia gauni la samawati la mtu mzima. Kuwaambia walete nililolipia siyo kugombana."

"Na wakikataa?"

"Nitawaandikia tena."

Bi. Naomi akakaa kwenye mkono wa kochi. Akawa anakilainisha kile kigauni mapajani kama mtoto wa jirani aliyelala.

"Lile la samawati," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, "mikono ilikuwa mizuri kweli."

Adelina akaisoma lebo ya gauni, kisha akachukua simu. Safari hii hakuweka "samahani" hata moja. Aliandika: "Niliagiza gauni la samawati, la mtu mzima, la pamba. Mmeniletea la kijani, la mtoto, na si pamba. Kosa ni lenu, hivyo gharama ya kulirudisha ni yenu. Nileteeni nililoagiza kabla ya Jumatano, au mnirudishie pesa yangu yote. Mwalimu A. Mkumbo." Akasoma mara moja kuangalia sarufi, akatuma.

Wakakaa wakitazama simu, mama na mwana. Haikupita dakika tatu ikalia.

"Sawa, Mwalimu," waliandika wenye duka. "Tunamtuma bodaboda kesho achukue mzigo, gharama juu yetu. La samawati utalipata Jumanne. Ila siku ukija mwenyewe ofisini kwetu, tunakuomba sana, uwe umeshakula nyumbani."