Kanuni ya Kimya

Nabiha alijua kwamba kimya si ridhaa. Siku ya ndoa yake alipoulizwa kama yu radhi alifyata ulimi, moyo wote wasema la, na shangazi zake wakapiga vigelegele: kanyamaza, karidhia! Ndoa ile haikumaliza mwaka. Aliyeumwa na nyoka, wasema, akiona ung'ongo hushtuka. Huyu wetu hakushtuka. Alimrudia nyoka mwenyewe.

Alipopewa kazi ya kuwaongoza watengeneza programu katika ofisi ya ghorofani, Makadara, jambo la kwanza lilikuwa namna ya kukata shauri. Mkuu aliyetangulia akiamua peke yake kama sultani, watu wakamkimbia. Ketty, binti mpole kutoka Bungoma, alitaka kila mtu aulizwe na ajibu kwa kinywa chake.

"Tutakesha hapa, dada!" Huzaifa, mkubwa wake kazini, akacheka. "Pendekezo litolewe asubuhi. Asiyepinga hadi alasiri, amekubali. Kwisha."

Nabiha alikuwa amechoshwa na vikao. Akachagua ya Huzaifa.

Wakati ule walikuwa na programu ya yadi moja ya makontena, Shimanzi. Kabla ya lori kurudi nyuma, simu ya mfanyakazi aliye ndani ilimuuliza: njia i wazi? Akibonyeza ndiyo, dereva huruhusiwa. Mwenye yadi akaja juu: watu wachelewa kujibu, foleni ya malori imefika barabarani! Basi Huzaifa akatoa pendekezo. Mfanyakazi asipojibu kwa dakika moja, programu ihesabu kwamba njia i wazi.

Ketty alilisoma. Alilelewa akifunzwa kwamba mkubwa akikosea humbishii mbele ya watu. Wanyamaza, naye mwenye akili ataelewa kuwa umekataa. Basi akanyamaza. Hakugusa chai, hakumtazama mtu. Nabiha alimwona. Alimwona, wallahi, na uso ule aliujua: ulikuwa wake mwenyewe siku ile ya ndoa. Angeuliza tu, "Ketty, wasemaje?" Lakini mwenye yadi alikuwa akipiga simu tena, na kanuni ni kanuni. Alasiri ikaingia, pendekezo likapita.

Wiki haikwisha. Morris, mfanyakazi wa yadi, aliinama kukagua kufuli kati ya makontena, mahali ambapo mtandao haushiki. Swali halikumfikia. Programu ikangoja jibu, ikalikosa, ikahesabu amekubali. Dereva akarudisha lori nyuma. Morris alikufa kabla hajatolewa pale alipobanwa.

Ofisini Ketty alilia hadi akatapika.

"Mbona hukusema?" Huzaifa alimfokea.

"Nilinyamaza siku nzima!" Ketty akajibu. "Mlitaka niseme vipi tena?"

Nabiha aliona haya, haya ya kutamani ardhi ipasuke.

Kesho yake alikwenda Majengo kumpa pole mjane, Huzaifa akimfuata. Eddah alikuwa ameketi chini ukumbini, majirani wamemzunguka, kandambili za Morris zingali mlangoni.

"Mama Sheryl," Nabiha alisema, akapiga magoti mbele yake. "Usimlaumu dereva. Programu ile ni yetu, na shauri lile nililipitisha mimi. Nilimwona mwenzangu hakuridhika, nikajitia sioni. Naomba unisamehe."

Eddah alimtazama. Hakulia, hakutukana. Alimtazama kwa muda mrefu, hata majirani wakaacha kunong'ona, kisha akageuza uso wake ukutani. Nabiha alingoja. Hatimaye jirani mmoja akamgusa bega, akamwonyesha mlango.

Nje Huzaifa alishusha pumzi. "Alhamdulillahi. Kanyamaza. Ashakusamehe."

Nabiha aliegemea ukuta.

"Hajanisamehe, Huzaifa," alisema. "Kanijibu, na leo nimesikia."