Foleni Ilivyomwachisha Winnie Ziwa

Binti yangu Teodora alirudi kazini kwenye kiwanda cha samaki, Nyakato, Winnie wake akiwa hata kukaa hajaweza. Kunyonyesha walimruhusu, ila mchana, nje ya geti, muda mfupi tu. Basi kazi yangu ikawa kumbeba mjukuu kutoka Igogo hadi huko kila siku, anyonye, turudi.

Foleni ikikubali, tulifika. Siku hiyo ilikataa. Pale Mabatini magari yalizima injini kabisa, kondakta wetu akashuka, akanunua muhindi, akala taratibu. Winnie alilia mpaka sauti ikakauka. Nikaona nishuke nitembee, na magoti yangu haya mabovu, yeye akilitafuta ziwa langu lililokwisha zamani, akinifinya kama namdhulumu.

Getini nilimkuta Maige, mlinzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Niitie Teodora."

"Ameshaingia. Alikusubiri hapa mpaka blauzi ikalowa maziwa. Sasa mashine imewashwa, hatoki mtu."

"Foleni, mwanangu."

"Bibi, na wewe na foleni yako! Si ungetoka mapema?"

"Nitoke jana?"

Kabla hajacheka, honi ikalia nyuma yangu. Gari la meneja. Nililipita kwa miguu kule Mabatini, limekwama kama sisi. Maige akafungua geti lote, akapiga saluti. Mimi nikasimama mbele ya gari.

"Baba, wewe na mimi tumechelewa pamoja."

Akashusha kioo. Shikamoo hakuna. "Una shida gani, mama?"

"Tupeni chumba kimoja, pale ukutani, watoto washinde humo, mimi niwaangalie. Mama zao watanyonyesha bila kupigana na barabara."

"Wazo zuri sana, mama. Tutalifanyia kazi."

Mwezi uliofuata, palepale ukutani nilipomwonyesha kwa kidole, mafundi wakapaua bati jipya. Nikafurahi, nikamwambia Teodora asimwachishe mtoto, avumilie kidogo. Kumbe ni banda la magari, yasipigwe jua.

Winnie akazoea uji wa chupa. Juzi Teodora alifika nyumbani giza limeshaingia, foleni tena, akampakata, akampa ziwa. Mtoto akageuza uso, akaniangalia mimi.

"Mama, hanitaki."

"Amechoka tu," nikasema.

Nikachukua kanga, nikamsaidia kujifunga kifua, maziwa yakauke.