Majani ya Kaburi la Ofwono

Haya aliniambia Awor mwenyewe, jirani yangu hapa Rubongi, Jumapili iliyopita tulipokuwa tunamenya karanga.

Mumewe Ofwono alizikwa pale nyumbani, kaburi la udongo tu. Mvua ilipoanza kulimega, Awor akapanda juu yake ule mmea mfupi unaotambaa, wenye vijani vinene vilivyojaa maji. Kwa miaka mitatu ukajishona kama mkeka, udongo haukuondoka tena.

Juzi juzi mwanawe Isaac akaoa Sandra, Msamia wa Busia. Kwetu bibi arusi huamka kabla ya wote afagie uwanja, tena hung'oa kila jani, nyoka wasijifiche. Sandra kufika kaburini akadhani mmea ule ni gugu la shamba la karanga linalofanana nao. Akang'oa lote. Na kwa kuwa gugu lile ukiliacha chini linaota tena, akalitupa kwenye mwamba wa kuanikia muhogo, life kwa jua.

Awor alipotoka akakuta udongo mtupu. Alikaa chini tu. Siku sita hakumjibu yule msichana hata salamu, na mawingu yanajikusanya upande wa Mulanda.

Siku ya saba Sandra akafunga nguo zake. "Mama, nakwenda kwetu. Nimemvua baba blanketi lake."

"Unakwenda, na nani atanisaidia kupanda?"

"Kupanda nini?"

Awor akamshika mkono mpaka mwambani. Majani yalikuwa yamesinyaa, lakini chini ya kila kipande vilitoka vizizi vyeupe.

"Hii ukiivunja ukapanda siku hiyohiyo, inaoza. Lazima kidonda kikauke kwanza. Mimi naanika siku tatu. Wewe umezidisha."

"Kumbe ulijua haijafa?"

"Sikujua. Nimeona asubuhi, nimekuja kuanika muhogo."

"Na umeninyamazia mpaka saa hizi?"

"Nilikuwa naona haya, mwanangu."

Wakachanganya udongo na mchanga, wakapanda, wakazungushia mawe. Sandra akaenda kuchota maji.

"Acha. Haitaki maji mengi."

"Hata kidogo?"

"Kama baba yako. Kuoga tulikuwa tunamlazimisha."

Sandra akacheka, halafu akaziba mdomo.

Saa nane mvua ikanyesha, ya taratibu. Awor akajilaza mkekani, usingizi ukamchukua. Sandra akabaki mlangoni akiangalia vipande vyake mpaka mvua ikakatika. Hakuna hata kimoja kilichoondoka. Ndipo akafungua furushi lake, akatoa shuka, akamfunika mama mkwe, akajinyoosha pembeni yake, naye akalala.